Haki ya Majeruhi Haiishii Mpakani

 Leo hatutazungumza juu ya mikutano ya viongozi wala mikataba ya biashara. Tutazungumza juu ya jambo linalovuka mpaka kila siku bila hati ya kusafiria. Jambo hilo ni ajali ya barabarani, pamoja na haki ya mtu anayejeruhiwa katika ajali hiyo.

Nchi yetu imepakana na nchi nane: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia, Malawi na Msumbiji. Shehena zinazoteremshwa katika bandari ya Dar es Salaam huelekea katika nchi nyingi kati ya hizo, na sehemu kubwa husafirishwa kwa malori. Lori linalokwenda Lubumbashi husafiri zaidi ya kilomita 900 hadi Tunduma, likavuka na kuingia Nakonde, likaikata Zambia, kisha likaingia Kongo kwa kupitia Kasumbalesa. Barabara hiyo haipiti porini tu. Inapita Ilula, mahali ambapo akina mama huuza nyanya na vitunguu kando ya lami. Inapita mbele ya shule, kwenye magulio, na katika vijiji ambavyo watu wake huenda shamba kwa baiskeli alfajiri na kurudi magharibi. Hali ni hiyo hiyo Namanga, Sirari, Mutukula, Rusumo, Kabanga na Kasumulu.

Sasa tuseme kwamba jioni moja lori lenye namba za nchi jirani limemgonga mwendesha baiskeli karibu na mji wa mpakani. Mguu wake umevunjika mara mbili. Dereva hakukimbia, amesimama, lakini ana haraka, kwa sababu shehena inangojewa. Watu wamekusanyika. Mmoja wao anashauri mambo yamalizwe hapo hapo, ili pasiwe na usumbufu wa kituoni. Dereva anatoa fedha kidogo za kifuta machozi. Karatasi inachanwa kutoka katika daftari la shule, inaandikwa kwamba pande mbili zimeelewana, na majeruhi, ambaye bado anatetemeka kwa maumivu, anatia dole gumba. Lori linaondoka. Baada ya wiki tatu fedha zimekwisha, mguu haujaunga, mkewe ameuza mbuzi wote wawili, na hakuna mtu aliyeandika namba ya lori lile. Mfano huu ni wa kubuni, lakini askari yeyote aliyepata kufanya kazi ya usalama barabarani hatauona kuwa mgeni.

Swali letu la leo basi ni hili: mtu yule alikuwa na haki gani, na ni nani aliyekuwa na uwezo wa kumwezesha kuipata?

Kabla ya kujibu swali hilo, tuutazame kwanza ukubwa wa tatizo lenyewe. Kwa mujibu wa taarifa ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2023, watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kutokana na ajali za barabarani. Asilimia 92 ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ingawa nchi hizo zina kama asilimia 60 tu ya magari yote. Bara letu la Afrika ndilo lenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo hivyo kwa kulinganisha na idadi ya watu. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Na kwa watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna ugonjwa unaoua zaidi ya barabara. Kwa maneno mengine, anayeumia zaidi ni yule asiyekuwa na gari.

Wahenga walisema kwamba ajali haina kinga. Msemo huo ulikuwa wa kumfariji mfiwa, lakini siku hizi unatumiwa kumfichia mzembe. Ukweli ni kwamba ajali nyingi zina kinga, na kinga yenyewe inajulikana.

Kinga ya kwanza ni mwendo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde moja. Dereva anapomwona mtoto akiingia barabarani huhitaji kama sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa hiyo mita 22 za kwanza zimekwisha kupotea kabla gari halijaanza hata kupunguza mwendo. Kwa kilomita 50 kwa saa mita zinazopotea hivyo ni 14 tu. Tofauti ya mita 8 ni upana wa barabara nzima, na mara nyingi ndiyo tofauti kati ya kumkosa mtoto na kumwua. Ndiyo sababu sheria yetu ya usalama barabarani ya mwaka 1973 imeweka kilomita 50 kwa saa kuwa mwisho wa mwendo katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa mabasi na malori makubwa nje ya maeneo hayo. Wenzetu wa Kenya, chini ya aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, walitunga kanuni mwaka 2003 zilizoanza kutumika Februari 2004, zikalazimisha matatu na mabasi kufunga vidhibiti mwendo vya kilomita 80 na mikanda ya usalama kwa kila abiria. Rwanda nayo mwaka 2015 iliagiza magari ya abiria yafungwe vidhibiti vya kilomita 60 kwa saa. Dereva anayevuka mpaka hana budi kujua kwamba anavuka pia kutoka katika sheria moja ya mwendo na kuingia katika nyingine.

Kinga ya pili ni kujua upande wa kupita. Sisi, pamoja na Kenya, Uganda, Zambia, Malawi na Msumbiji, tunapita kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo wanapita kulia. Dereva anayetoka Ngara akavuka Mto Kagera katika daraja la Rusumo hubadili upande pale pale mpakani. Hatari haipo sana mpakani, kwa sababu pale anakumbushwa na askari, vibao na foleni ya magari. Hatari ipo saa tatu baadaye, anapotoka kituo cha mafuta usiku, barabara ni tupu, na mazoea ya miaka mingi yanamrudisha kushoto. Isitoshe, usukani wa magari yetu uko kulia. Ukipita kulia kwa usukani wa kulia, huwezi kuona gari linalokuja mbele mpaka umekwisha toka katika njia yako ili kulipita lililo mbele yako. Madereva wazoefu huacha nafasi kubwa nyuma ya gari la mbele, na humtegemea utingo aliyeketi kushoto awe macho yao. Tena hawamwachi alale wakiwa katika nchi hizo. Askari wetu waliopelekwa Kivu tangu mwaka 2013 katika kikosi cha Umoja wa Mataifa wanalielewa jambo hili bila kuhitaji mwalimu.

Kinga ya tatu ni usingizi wa kutosha. Dereva anayesinzia kwa sekunde 3 tu katika mwendo wa kilomita 80 amekwenda mita 66 bila dereva. Tajiri anayempangia dereva wake safari isiyo na mapumziko anagawana naye lawama, hata kama hakugusa usukani.

Kinga ya nne ni alama za tahadhari. Katika nchi zetu zote lori likiharibika huwekwa matawi ya miti barabarani, na wakati mwingine mawe chini ya matairi. Matawi husaidia mchana. Usiku hayaonekani mpaka umeyakaribia mno, na mawe yakiachwa huwa mtego kwa mwendesha pikipiki atakayepita baadaye. Pembetatu inayoakisi mwanga haina bei kubwa, nayo huonekana kwa mbali. Askari anayemkuta dereva hana pembetatu asimwache aendelee na safari ya usiku.

Kinga ya tano inahusu malori ya mafuta. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan nchini Kenya, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Tarehe 2 Julai 2010 lori jingine lilipinduka katika mji mdogo wa Sange, Kivu ya Kusini, katika barabara ya kutoka Bukavu kwenda Uvira. Walikufa zaidi ya watu 200, na baadhi yao hawakuchota hata tone. Walikuwa katika vibanda wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Na tarehe 10 Agosti 2019 zamu ilikuwa yetu, pale Msamvu, Morogoro, ambako pia walikufa zaidi ya watu 100. Misiba hiyo mitatu, katika nchi tatu, ilikuwa na sura moja: lori limelala, watu wamelizunguka na ndoo na madumu, na hakuna mstari wa kuwazuia. Askari anayefika wa kwanza mahali kama hapo kazi yake ya kwanza si kuandika. Kazi yake ni kuwaondoa watu, kuzuia pikipiki na sigara, na kuwaarifu zimamoto.

Ndugu wasikilizaji, hizo ndizo kinga. Lakini ajali ikishatokea, ndipo swali la haki linapoanza.

Watu wengi hudhani kwamba dereva akipelekwa mahakamani na kutozwa faini, basi mambo yamekwisha. Sivyo. Baada ya ajali moja kuna njia mbili zinazokwenda sambamba. Ya kwanza ni kesi ya jinai, ambayo ni kati ya serikali na dereva. Faini inayotolewa huko huingia katika hazina ya serikali, wala haimfikii majeruhi. Ya pili ni madai ya fidia, ambayo ni kati ya majeruhi na dereva pamoja na mwenye gari. Huku ndiko gharama za matibabu, mshahara au mavuno yaliyopotea, maumivu na ulemavu vinakohesabiwa. Njia hizi mbili hukutana mahali pamoja: katika sheria zetu na za Kenya, hukumu ya kumtia dereva hatiani huweza kutumiwa kuwa ushahidi katika kesi ya fidia.

Nyuma ya njia ya pili ipo bima. Katika Tanzania, Kenya na Uganda sheria inakataza gari kuingia barabarani bila bima inayomlinda mtu mwingine atakayeumizwa na gari hilo. Bima hiyo ndiyo wananchi wanayoiita bima ndogo. Jina hilo linapotosha, kwa sababu kwa mkulima aliyevunjwa mguu hiyo ndiyo bima kubwa kuliko zote. Kongo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire, nayo iliifanya bima ya namna hiyo kuwa lazima mwaka 1973. Maana ya bima hiyo ni kwamba hata dereva akiwa maskini asiye na kitu, kampuni ya bima ndiyo itakayolipa. Kwa hiyo hati ya bima ya gari si pambo la kumridhisha trafiki. Ni ahadi aliyowekewa mtu asiyejulikana ambaye huenda akaumizwa kesho.

Kila nchi ina utaratibu wake, na ni vizuri kuufahamu. Nchini Kenya, sheria hailazimishi kampuni ya bima kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 za huko kwa mtu mmoja. Ikiwa mahakama imeamuru zaidi ya hapo, kilichobaki hudaiwa kwa mwenye gari. Rwanda ina Mfuko Maalumu wa Dhamana, unaopata fedha zake kutokana na ada za bima za magari, na huwalipa wale walioumizwa na gari lililokimbia bila kujulikana au gari lisilokuwa na bima. Hapo jirani zetu wamefanya jambo linalostahili kuigwa, kwa sababu anayegongwa na gari lililokimbia huumia sawa na mwingine. Rwanda, Burundi na Kongo zilirithi mfumo wa sheria wa Kibelgiji. Huko majeruhi aweza kujiunga na kesi ya jinai yenyewe akiwa mdai, na mahakama ile ile ikaamua adhabu na fidia. Kwetu, na kwa wenzetu wa Kenya na Uganda, kwa kawaida majeruhi hufungua kesi yake mwenyewe ya madai.

Muda nao una mwisho wake. Tanzania, Kenya na Uganda zote huhesabu miaka 3 tangu siku ya ajali kwa anayedai fidia ya kuumia mwili. Miaka 3 huonekana mingi kwa mtu mzima wa afya, lakini kwa mtu aliyelala hospitalini miezi minane, kisha akarudi kijijini kwa magongo, hupita upesi. Majeruhi akifa, haki haifi naye. Mume au mke, watoto na wazazi waliomtegemea wanaweza kudai, na kwa ajili hiyo huhitaji cheti cha kifo na mara nyingi hati ya usimamizi wa mirathi. Asiyeweza kumlipa wakili asikate tamaa: Kenya ilitunga sheria ya msaada wa kisheria mwaka 2016, na sisi tukatunga yetu mwaka 2017.

Sasa turudi kwa yule mwendesha baiskeli wetu. Gari lililomgonga lilikuwa la nchi jirani, na bima yake ilikatwa huko. Je, hilo lilimnyang'anya haki yake? Hasha. Mwaka 1986 nchi za Afrika Mashariki na Kusini, zikiwa katika eneo la upendeleo wa biashara lililokuja kuwa COMESA, zilitia saini makubaliano ya bima ya magari yavukayo mipaka, na mwaka 1987 mpango huo ukaanza kazi. Huo ndio mpango wa Kadi ya Njano. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini iliendelea kubaki katika mpango huu, kwa sababu faida yake ilikuwa dhahiri.

Kadi ya Njano hufanya kazi hivi. Mwenye gari aliyekwisha kukata bima nchini kwake huiomba kampuni yake impe kadi hiyo, ikitaja nchi atakazopita. Kadi ikishatolewa, bima yake humfuata hata ng'ambo ya mpaka, kwa kiwango kinachotakiwa na sheria ya nchi anayoingia. Kila nchi ina ofisi moja ya taifa inayosimamia mpango huo. Ajali ikitokea, majeruhi hahitaji kusafiri hadi Lusaka au Kampala kuitafuta kampuni ya bima asiyoijua. Hupeleka madai yake kwa ofisi ya nchini mwake, nayo huyashughulikia kwa niaba ya kampuni ya kigeni, na malipo hufanywa kwa fedha ya nchi ilikotokea ajali. Kadi hiyo husaidia pia gharama za matibabu za dereva na abiria wa gari lenyewe. Lakini haifidii uharibifu wa lori wala shehena yake. Kwa hayo mwenye gari hujitafutia bima nyingine. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia na Malawi zote zimo katika mpango huu. Msumbiji haimo, na dereva anayevuka Mto Ruvuma hana budi kuwa na bima inayotambulika huko.

Ni wazi basi kwamba mwendesha baiskeli wetu alikuwa na haki kamili. Kilichomkosesha haki hiyo si sheria. Kilichomkosesha ni karatasi iliyoandikwa, na karatasi ambayo haikuandikwa. Iliyoandikwa ni ile ya dole gumba, ambayo huenda ikatumiwa dhidi yake mahakamani. Ambayo haikuandikwa ni taarifa ya polisi. Kifuta machozi ni jambo la utu, wala hatulikatazi. Lakini kifuta machozi si fidia, na asiandikishwe mtu makubaliano ya mwisho akiwa bado anavuja damu, kabla daktari hajasema kama atatembea tena.

Hapa ndipo kazi yenu, ndugu askari, inapoonekana kwa ukubwa wake. Wakili atakuja baada ya mwezi, hakimu baada ya mwaka. Wote wawili wataliona tukio kwa macho ya askari aliyefika pale siku ile. Akiandika vizuri, majeruhi ana kesi. Akiandika ovyo, hata wakili hodari hana la kufanya.

Kwanza, uhai utangulie karatasi. Fomu Namba 3 ya Polisi ni muhimu kwa ushahidi, lakini mtu anayetokwa damu apelekwe hospitali, na fomu imfuate huko. Jirani zetu wa Kenya wameliandika jambo hilo katika Katiba yao ya mwaka 2010, kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Pili, mahali pa ajali papimwe. Alama za breki, vipande vya vioo, mahali ilipolala baiskeli na upana wa barabara vipimwe kwa futi kamba na kuchorwa, kabla magari hayajasogezwa na mvua haijanyesha. Tatu, yaandikwe majina ya mashahidi, na mahali wanapokaa. Shahidi asiyeandikwa siku ile hapatikani tena. Nne, iandikwe namba ya gari na ya tela, kwa sababu mara nyingi hutofautiana, pamoja na jina la mwenye gari, namba ya leseni ya dereva, jina la kampuni ya bima na namba ya Kadi ya Njano. Siku hizi kadi hiyo hutolewa pia kwa mfumo wa kompyuta, na si kosa askari kuomba kuihakiki. Gari la kigeni likiondoka bila mambo haya kuandikwa, huenda lisirudi tena. Tano, majeruhi au jamaa zake waambiwe wazi kwamba wana haki ya kupata taarifa ya polisi ya ajali ile, na kwamba haiuzwi kwa chini ya meza.

Liko jambo moja la mwisho, nalo linatugusa sisi wenyewe. Magari ya jeshi na ya polisi nayo huua na kujeruhi. Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa gari ni la serikali, aliyegongwa hana pa kwenda. Hilo si kweli. Nchini Tanzania mwananchi anaweza kuishtaki Serikali, ila hana budi kutoa kwanza taarifa ya siku 90. Nchini Kenya madai ya namna hiyo dhidi ya serikali yafunguliwe ndani ya miezi 12, na si miaka 3. Asiyelijua hilo huchelewa na kupoteza haki yake akiwa bado anahesabu. Askari aliyemgonga raia akamficha taarifa hizo anaivua heshima sare aliyoivaa. Naye anayemsaidia raia huyo kupata haki yake, hata kama kosa ni la mwenzake, anaijengea sare hiyo heshima ambayo gwaride haliwezi kuijenga.

Kwa dereva wa jeshi au polisi king'ora na taa za juu ni ombi kwa wengine wapishe. Si ruhusa ya kumgonga asiyesikia. Mtoto wa shule, bibi kizee na mtu kiziwi wana haki ile ile barabarani kama mkuu wa msafara.

Ndugu wasikilizaji, mpaka ni mstari uliochorwa kwenye ramani ili kila nchi ijue eneo lake. Haukuchorwa ili damu ya mtu wa upande mmoja iwe na thamani ndogo kuliko ya upande wa pili. Jirani zetu na sisi tumekwisha kukubaliana juu ya bima, na sheria zetu, ingawa zinatofautiana, zote zinasema kwamba anayeumizwa kwa uzembe wa mwingine afidiwe. Kinachobaki ni yule dereva apunguze mwendo anapokaribia kijiji, yule tajiri amwache dereva wake alale, na yule askari, jioni ile kando ya barabara, afungue daftari lake na kuandika kila kitu kabla hajaliruhusu lori kuondoka.